Musila Alipopiga Hodi Pangoni

Niseme ukweli, mwanzoni Musila sikumpenda. Mtu anaingia boma ya watu na gunia begani, haombi maji, haulizi njia ya kurudi Kitengela, anasema anatafuta mavi. Marehemu bwana yangu alicheka mpaka akashikilia mlango wa zizi. "Ya ng'ombe hayo hapo, jichotee," akamwambia. Musila akatikisa kichwa, hana hata haya. Alitaka ya popo.

Hiyo ni miaka ishirini na mbili imepita. Mimi ni Namunyak, na kilima kilichokuwa na pango la popo kiko kwa shamba yetu. Ukitoka Kitengela unashika barabara ya Kajiado, halafu unaacha lami mkono wa kulia, unakula vumbi karibu saa nzima. Sisi tulijua popo wako mle. Tulijua pia kwamba mtu mwenye akili timamu haingii. Musila aliingia na tochi, akatoka baadaye akiwa mweusi mpaka kwa kope, anacheka peke yake. Alisema watu wa nyanya wanaitafuta hiyo mbolea na hawaipati.

Bwana yangu alimpa ruhusa, lakini kwa sharti moja. "Juu ya kilima ni kwa ng'ombe zangu," alisema. "Ndani ni kwa wale. Wakiwa ndani, usiingie. Wakienda, chimba. Siku wakihama wasirudi tena, hapo ndiyo nitaangalia kile nitafanya na hayo mawe." Alikufa, na hilo neno likabaki kwangu pamoja na shamba.

Wale hawakuwa wa kukaa mwaka mzima. Walikuja Novemba na mvua ya kwanza, wakazaa mle ndani, na Juni nyasi zikianza kukauka na wadudu kupungua, walienda zao. Wapi, hakuna aliyejua. Musila alisema ziwani, lakini alikuwa anabahatisha tu. Kuanzia Julai mpaka Oktoba pango lilikuwa lake. Alichimba, akakausha, akashona magunia, pickup ikaja kubeba. Kitengela walimwita Musila wa Popo. Kwao ni Mwingi lakini sijui kama alienda mara tatu katika hiyo miaka yote. Hakuoa. Nilimtania sana kwa hilo. "Wewe umeoa kilima," nilimwambia. Alijibu, "Mama Simel, angalau huyu hanuni."

Na alikuwa na tabia moja. Hakuingia pangoni bila kupiga hodi. Mtu mzima, anasimama mlango wa mawe, anavua kofia, "Hodi!" Wale wakiwa ndani unasikia mabawa, unasikia vile wanalialia, na Musila anarudi nyuma polepole, anaondoka. Wakiwa wameenda, ile hodi inapita chumba cha kwanza, inatumbukia kwenye shimo refu lililo nyuma, inagonga chini halafu inarudi. Inachelewa kidogo. Ukisimama hapo unadhani kuna mtu wa pili huko chini anapiga hodi kwako. Mara ya kwanza kuisikia nilikimbia nikaacha kiatu. Musila alinicheka mwaka mzima. "Hiyo ndiyo salama," alisema. "Nyumba tupu inakurudishia sauti yako."

Basi mvua ikakosa adabu. Kiangazi kilikaa miaka mitatu, na ng'ombe zangu thelathini na nane zikabaki nne. Nilizivuta zingine kwa mikono yangu mpaka kule korongoni, sitaki hata kukumbuka. Baadaye yakaja mafuriko yaliyobeba barabara, halafu jua likarudi na hasira mpya. Sisi tulilia ng'ombe. Musila alikuwa anaangalia kitu kingine. Mwaka mmoja wale walifika Desemba, mwaka mwingine Januari, wamekonda, wachache. Kuna mwaka walizaa kabla mvua haijanyesha, na akakuta vitoto chini, vimekauka, vingi mpaka havikanyagiki. "Wao wanafuata wadudu," aliniambia. "Wadudu wanafuata mvua. Na mvua yenyewe siku hizi haijui inaenda wapi." Popo wakipungua, mbolea inapungua. Mwaka jana iliisha mapema Agosti. Musila akafunga virago, akaenda Kitengela kuchanganya simiti, akingoja Novemba.

Katikati ya hiyo kungoja ndipo mwanangu Simel aliniletea mgeni. Simel ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, anafanya kazi ya welding huko Kitengela. Mgeni aliitwa Muturi, mtu wa kokoto, mpole, anakusalimia kwa mikono miwili. Alitaka kilima. Kilima chote, akitoboe, akipasue, akisage, akipeleke kwenye maghorofa. Simel hakuwa na ubaya, msimlaumu. Alikuwa amevuta hizo ng'ombe pamoja na mimi. "Yeyo," aliniambia, yaani mama, "hiyo mawe inatusaidia na nini?"

Nilimjibu kwa neno la baba yake. Wale wakirudi kabla ya Januari kuisha, kilima kinabaki. Wasiporudi, Muturi achukue. Na atakayesema wako au hawako ni Musila, kwa sababu ndiye anawajua. Nilimpigia simu nikamwambia hayo yote. "Sawa, Mama Simel," akasema. "Nitakuja kukaa."

Alikaa kweli. Nilimpa stoo ya zamani ya chumvi ya ng'ombe, akatandika gunia. Novemba ikapita, mawingu yanakuja yanatuangalia yanaenda. Desemba, hakuna. Kila jioni Musila alikaa mbele ya mlango wa pango kuangalia kama kuna mmoja atakayetoka kutafuta chakula. Hakutoka hata mmoja. Alikuwa anarudi, anakula ugali bila kujua ni ugali.

Lakini kulikuwa na kitu hakikai sawa, na mimi nilikiona nikakipuuza. Tulikuwa na taa ya sola hapo nje. Kila mwaka kwenye joto hiyo taa inajaa wadudu mpaka unawapangusa na ufagio. Mwaka huo ilikuwa safi. Mbu hakuna. Kumbikumbi hakuna. Unakaa nje unasikia masikio yako yenyewe. Tulisema ni kiangazi kimewamaliza. Mara mbili tatu, jua likizama, nilihisi hewa inapita juu ya kichwa changu, nyingi, bila upepo. Nikiinua macho, hakuna kitu. Sikumwambia Musila. Nitamwambia nini, kwamba hewa imenipita?

Siku ya mwisho ya Januari ikafika. Tulienda pamoja asubuhi saa nne, jua tayari linachoma mpaka kwenye nyayo. Musila alinipa tochi ya pili. Mlangoni pa pango tulikutana na joto linalotoka ndani. Zamani pango lile lilikuwa baridi mpaka unajifunika shuka. Sasa lilikuwa jikoni kwa mtu.

Akavua kofia. "Hodi!"

Mabawa, hakuna. Tukangoja ile sauti ya chini irudi. Haikurudi. Ilienda tu.

"Hodi!" Mara ya pili alipiga kwa nguvu. Ilipita chumba cha kwanza, nikaisikia ikiingia shimoni, halafu ikakatika. Kuna mtu alikuwa ameweka mkono mdomoni mwa ile sauti. Nikamshika Musila mkono, na mimi si mtu wa kushika wanaume mikono.

Mara ya tatu hakupaza sauti. Aliinama juu ya shimo, akasema hodi vile unaisema kwa mlango wa mgonjwa. Kimya. Hata yetu hatukurudishiwa.

"Limemeza," akasema.

"Limemeza nini?"

"Sauti." Akajaribu kucheka, kikatoka kikohozi.

Alimulika sakafu ya chumba cha kwanza. Nyayo zake za Agosti zilikuwa pale pale, safi, vidole vyote. Zamani wale wakirudi, kwa wiki moja tu walishafunika kila kitu na mavi mapya. Hapakuwa na punje. Juu ya dari hapakuwa na mtu. Na sisi tunajua desturi. Ukipiga hodi mara tatu na hukujibiwa, wenyewe hawako, unaenda zako, unakuja siku nyingine.

"Musila," nikasema. "Wako au hawako?"

Alisimama hapo muda mrefu, anaangalia ule weusi wa shimo. Jasho lilikuwa linamtoka kwa kidevu linadondoka ndani, na hata hilo hatukulisikia likifika.

"Hawako, Mama Simel."

Nataka niseme hili bila kujificha. Niliona macho yake hayakubaliani na mdomo wake. Niliona. Ningeweza kumwambia shuka kwanza na kamba, angalia huko chini. Lakini nilikuwa nimechoka na umaskini, nilikuwa nataka hilo jibu, na nilipolipata nililikamata haraka kabla hajalibadilisha. Siku hiyo hiyo nilimpigia Muturi.

Musila hakurudi Kitengela. Alibaki kwenye stoo, akaanza kuwa mtu wa ajabu. Aliacha kupiga hodi. Kwa mtu yeyote. Uko jikoni unasonga ugali, unageuka, Musila yuko mlangoni, amesimama, hujui ni tangu saa ngapi. Mke wa Simel alikuja siku moja na watoto, akamwona hivyo, akapiga kelele akaangusha sufuria. "Kwani huyu mzee hawezi kubisha?" akauliza. Musila akasema, "Niliacha kuiamini hodi."

Alinijia mara tatu. Ya kwanza alisema, "Hodi yangu haikurudi." Nikamwambia najua, nilikuwa hapo. Ya pili, watu wa Muturi walikuwa wamekata migunga yote ya chini ya kilima ili lori zipate kugeuka, hakukubaki hata kivuli cha mbuzi. Alisema, "Pango tupu linarudisha. Hili halikurudisha. Kuna kitu kimejaa huko chini." Ya tatu mashine zilikuwa zimeshatoboa mashimo ya baruti, na mimi nilikuwa nimeshatia sahihi. Hapo nikamkasirikia vibaya.

"Wewe ndiye ulisema hawako!" nikamfokea. "Mdomo ni wako ama ni wangu? Sasa unataka nimwambie Muturi nini? Kwamba mtu wangu alisikia kimya ambacho si kimya? Toka hapa, Musila, unaniletea wazimu kwa nyumba!"

Akatoka. Nilimwona anaenda kwa Muturi, anaongea naye, anaonyesha kilima. Muturi alimsikiliza kwa heshima, akamshika bega, akamwita mzee. Akatuma kijana mmoja aingie na tochi kuangalia. Kijana akaingia chumba cha kwanza, akaona dari tupu, akatoka akasema hakuna kitu. Nani angemlaumu? Musila mwenyewe alikuwa ameona hivyo hivyo.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. King'ora kikalia, tukasogezwa mbali, mimi na Simel na ng'ombe zetu nne. Musila alikuwa amesimama peke yake kwenye uwanja ule mweupe walipokata miti. Siku hiyo alikuwa amevaa koti refu jeusi la mtumba, la sufu, kwa hilo jua. Labda ni vile mtu anavaa kwenda matanga. Walimwita arudi nyuma, akarudi hatua chache tu.

Ardhi iliruka. Mlio ulinifikia kwa tumbo kabla ya masikio. Vumbi likapanda, mawe yakanyesha, halafu kila kitu kikatulia, na mtu mmoja wa Muturi akapiga makofi.

Kisha moshi ukaanza kutoka nyuma ya kilima, upande wa korongo, mahali ambapo hapakutegwa baruti. Moshi mweusi, mwingi, unapinda. Simel akasema, "Yeyo, hiyo si moshi."

Walikuwa wanatoka kwenye ufa ambao sisi hatukuujua, maana hakuna mtu anaishi upande ule. Wakatoka, wakatoka, wakatoka. Jua lilifunikwa. Nilitegemea kelele, na hapakuwa na kelele, ni ile hewa tu, ile ile iliyokuwa inanipita jioni. Hapo nikaelewa kila kitu kwa mara moja, nikakaa chini. Septemba kulikuwa na mvua ya siku mbili ambayo sisi tuliicheka. Wale hawakuicheka. Walikuja nayo, mapema, wakakuta chumba cha kwanza kinachoma, wakashuka shimoni kwenye baridi. Miezi yote hiyo walikuwa chini ya miguu yetu, wamebanana ukuta mpaka ukuta, wamenyamaza kwa joto na njaa, na manyoya yao ndiyo yaliyokuwa yanameza hodi ya Musila.

Mchana si wakati wao. Walizunguka mara moja, mara mbili, na wakaanza kuanguka. Waliingia chini ya lori. Waliingia chini ya kompresa ya kutobolea mawe, chini ya gari la Muturi, na Muturi mwenyewe akaingia ndani ya gari akafunga vioo, namwona anaomba. Walishika matumbo ya ng'ombe zangu, na ng'ombe zikasimama tu, zikitetemeka ngozi. Wengi walikuwa wamebeba watoto kifuani. Watoto wakaanguka kama matunda.

Na hapakuwa na mti. Katika uwanja wote ule kitu cheusi kilichosimama kilikuwa kimoja.

Musila alifungua koti akanyoosha mikono. Wa kwanza akamshika kifuani, wa pili mkononi. Halafu sikuweza kuhesabu. Walimjaa mgongoni, kwenye mapindo ya koti, ndani ya koti, shingoni, mpaka akawa mnene, mpaka hakuwa na umbo la mtu. Kitu kile kilikuwa kinapumua chote. Simel alikimbia kumtoa. Sauti ikatoka katikati, ya chini kabisa. "Simel, usiniguse. Utawaangusha."

Alisimama hivyo kwa masaa manne. Sikuwahi kumwona mwanaume akisimama hivyo, na nimeona wengi wakisimama kwa tohara. Nilimpelekea maji kwa kikombe, nikamnywesha, na wale walikuwa hapa, karibu na midomo yake, wananiangalia. Alikuwa analia bila kujipangusa. Watu wa Muturi waliondoka mmoja mmoja bila kuaga mtu.

Jua likateremka upande wa Magadi. Joto likaanza kupungua, na wakubwa wakaanza kuachilia. Walipanda juu, vitoto vikabaki kwenye koti, wakazunguka. Nikadhani wameenda. Kisha wakarudi, mmoja mmoja. Mama anakuja, anamzunguka Musila, anasikiliza. Anashika koti, anatambaa juu ya vitoto vya wenzake, ananusa huyu, anamwacha, ananusa huyu. Akimpata wake, mtoto anamkamata tumbo kwa kucha zote na wanaruka pamoja. Nilisahau woga, nilikuwa nasema "Chukua, mama, chukua," kwa sauti, kwa Kimaa, mbele ya mwanangu.

Baadaye hakuja mwingine. Angani kulikuwa kweupe bado kidogo, na hapakuwa na kitu. Nilizunguka lile koti. Watoto waliobaki walikuwa kumi na tisa.

"Vua, Musila," nikamwambia. "Twende ndani."

"Ngoja kidogo. Hawa hawajachukuliwa."

"Mama zao wako chini ya mawe."

"Najua," akasema.

Nilitaka anitukane, ningefurahi. Badala yake alisema polepole, "Ulitaka niseme hawako, na mimi nilikuwa nimechoka kungoja. Tulisema pamoja, Mama Simel." Mikono yake ilikuwa inashuka. Hakuwa na nguvu tena ya kuinyoosha, na kitoto kimoja kilikuwa kinateleza kwenye mkono wa koti.

Maisha yangu yote nimeogopa popo. Nilikinga kiganja. Kikaangukia humo, hakina hata manyoya tumboni, chepesi, moyo unakimbia mpaka kinatikisika chote. Kikanusa kiganja changu huku na huku, kikapata ncha ya kidole, kikaanza kunyonya kwa nguvu, na mimi sikuwa na chochote cha kukipa.